Bi Pindo na Kopo la Vifungo

Siku ya kwanza nilipompelekea Bi Pindo kitambaa, alinishinda. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani namsifu kwa kumhurumia. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza biashara ya mapazia, natafuta fundi wa bei ya chini na mkono safi, vitu viwili ambavyo havikai nyumba moja. Akakunjua jora langu, akalipima kwa utepe uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, kisha akasema, "Mwanangu, aliyekuuzia hiki amekupunja. Upana haujafika." Nikanywea, na mtu aliyenywea hapatani bei vizuri. Hata hivyo tulivutana weee, mpaka ghafla akalegea.

"Haya, nitashona kwa bei yako. Ila vipande vitakavyobaki ni vyangu."

Nikakubali haraka kabla hajajirudi. Vipande vya pazia vinisaidie nini? Mwezi haukuisha nikaona foronya, vishikio vya sufuria na mikoba ya sokoni vimetundikwa kibarazani pake, vyote rangi za mapazia yangu, na wanunuzi ni wateja wangu mimi. Sikumkasirikia. Mtu anayekupiga kwa mapatano uliyoyakubali mwenyewe, afadhali awe upande wako. Yeye akanibatiza Mama Bei, mimi nikawa namwita shangazi.

Bi Pindo lilikuwa jina la kazi. Pindo lake lilinyooka kama lililopigwa timazi, na wateja waliligeuza pazia upande wa nyuma wakitafuta kosa, wakaambulia kusifu. Alikuwa mwembamba, miwani imefungwa uzi mweusi pale ilipovunjika, na alikuwa hatupi kitu. Kando ya cherehani aliweka kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vifungo vya kila umbo, kulabu, zipu zilizong'oka meno, na kama nilivyokuja kuona baadaye, dawa.

Kiti cha pili, goti kwa goti, alikaa wifi yake, dada wa mumewe, naye fundi. Walipendana kwa matusi. Lakini kibaraza kile kilikuwa na sheria moja: anayeinuka amepoteza mteja. Bi Pindo akienda chooni, mteja wake akafika, wifi alikuwa tayari na tabasamu. "Karibu, mwenzangu ametoka, nikusaidie?" Bi Pindo akirudi anakuta kitambaa kimeshapigwa mkasi. Ndivyo lilivyokwenda gauni moja la njano, ambalo hakulisahau.

"Mteja hana wifi," mwenzake alikuwa akimwambia, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na ufunguo alikuwa nao msimamizi, mtu ambaye kumpata ni safari nyingine. Kwa hiyo Bi Pindo alipiga hesabu zake: maji hanywi. Kikombe cha chai asubuhi, basi, hadi afunge kazi. Haja ikimbana anabana miguu na kuendelea kukanyaga pedeli. "Kibofu ni mfuko," aliniambia. "Ukiuzoesha, unatanuka." Nami nikacheka, maana lilisemwa na fundi wa mifuko.

Kisha nikapata oda ya nyumba ya wageni, mapazia ya vyumba vyote, nikawa nashinda pale kibarazani. Sauti ya cherehani yake naijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Siku moja ikawa inakatika kila mara. Anashona kidogo, anainuka, anarudi, anakaa upande upande kama kiti kina msumari.

"Wifi, umepanga chumba huko nyuma?" mwenzake akaanza.

"Niache."

"Au msimamizi amekuchumbia? Nimwambie nini kaka yangu?"

"Mwambie dada yake hana adabu." Kisha akaniinamia sikioni. "Mama Bei, mkojo unachoma kama umetiwa pilipili. Nakwenda mbio, nikifika yanatoka matone. Nikikaa tu, unabana tena. Rangi yake ya ukungu, na harufu usiniulize."

"Twende zahanati."

"Ya nini? Dawa ninazo." Akafungua kopo, akachakura kati ya vifungo, akatoa kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi, jina la dawa limebaki upande uliotupwa.

"Za nini hizo?"

"Za jino la wifi. Lilipopoa zikabaki, nikampa vifungo vya koti, akanipa hizi."

"Shangazi, jino liko juu. Wewe unaumwa chini."

"Kwani mimi nyumba ya ghorofa? Mwili ni mmoja."

Akameza jioni ile, akameza tena kesho yake. Kuchoma kukapungua, vilivyosalia akavirudisha koponi na kulifunga kwa kiganja, akinitazama kama aliyeshinda kesi.

Wiki iliyofuata nilichukua pazia juu ya lundo nilikague. Nikapitisha kidole kwenye pindo, kidole kikayumba. Nikaligeuza. Limepinda, la Bi Pindo, limepinda! Nikamtazama vizuri. Jua lilikuwa linachoma bati, naye amevaa sweta, anatetemeka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitambaa, mwingine ameubana nyuma ubavuni, chini ya mbavu. Chini ya meza palikuwa na ndoo, ametapika.

"Inuka twende."

"Nimalize haya yaliyobaki."

"Inuka, shangazi."

"Nikiinuka leo, huyu hapa..." Akamwonyesha wifi yake kwa kidevu.

Kubembeleza sikujui, najua biashara. Nikaanza kukusanya kitambaa changu.

"Unafanya nini?"

"Nampa wifi yako oda yote. Fundi mwenye homa hanifai. Ukipona utakuja kuichukua, kama itakuwepo."

Nilijua wifi ataipokea kwa mikono miwili. Badala yake akasimamisha gurudumu, akaweka mkasi chini.

"Siipokei. Wifi, kitambaa chako sikigusi, na mteja wako akija namkalisha hapa akusubiri. Nenda kwa daktari. Kaka asije akasema nimemuua mkewe kwa ajili ya mapazia."

Bi Pindo, meno yanagongana kwa homa, akauliza, "Unaapa?"

"Naapa."

"Hata akija wa gauni la njano?"

"Hata wa gauni la njano, mwanamke wewe! Nenda!"

Ndipo akainuka.

Zahanati tulimkuta daktari, binti wa umri wa wanangu, mwenye subira. Akauliza kuhusu kuchoma, damu kwenye mkojo, homa imeanza lini, kama ana kisukari, kama kuna dawa inayomdhuru. Akauliza pia kama ana mimba. "Mjukuu wangu ana ndevu, daktari," akajibiwa. Akampa kikopo kisafi cha mkojo na kumwelekeza: ajisafishe, aache wa mwanzo upite, akinge wa katikati. Kisha akamgonga taratibu mgongoni, chini ya mbavu. Bi Pindo aliruka nusura atoke kitandani.

Majibu ya maabara yaliporudi, daktari hakuzungusha maneno. Maambukizi yalianzia kwenye kibofu, na sasa yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. Yakiachwa yanaweza kuingia kwenye damu, na hapo mtu hufa. Akamchoma sindano, akamtundikia maji, akamlaza pale hadi alasiri kutazama kama homa itashuka. Mkojo mwingine ukapelekwa kuoteshwa, ijulikane vijidudu vile vinaogopa dawa gani.

Bi Pindo alilala akihesabu matone ya dripu, bei yake hakuiuliza. Alipopewa vidonge vya kwenda navyo ndipo akarudi kuwa mtu wangu.

"Nikipata nafuu katikati, hivi vinavyobaki vinakaa muda gani bila kuharibika?"

Daktari akanitazama. Nikamweleza habari za kopo, vifungo na jino. Hakucheka.

"Mama, dawa hizo hata sizijui. Ukimeza kidogo, vinakufa vijidudu dhaifu. Vilivyo sugu vinabaki, na siku nyingine ukimeza, vinakucheka. Nafuu si kupona. Maliza zote, na homa isiposhuka usingoje, rudi."

Bi Pindo akafikiri. "Yaani ni mshono ambao hukufunga uzi mwishoni."

"Kushona sijui. Lakini ndiyo."

Akaongezewa mengine: anywe maji, asibane mkojo, ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na akikutana na mzee wake, aende haja baada ya hapo.

"Mzee wangu siku hizi anakutana na redio," akasema, na daktari akashindwa, akacheka.

Homa ilishuka, ubavu ukaachia, na majibu ya kuoteshwa yakasema dawa ni hiyo hiyo, aendelee. Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani nikamkuta ameketi kitandani, karatasi ya vidonge mkono mmoja, mkasi mkono wa pili.

"Nimepona, Mama Bei. Kutupa riziki tumboni mwa mtu asiyeumwa ni hasara."

Kumtisha kwa kifo kusingefaa, kwake kifo kilishapita. Nikamwambia, "Tupatane. Ukiniletea karatasi zote tupu, vipande vya oda ya wageni vyote vyako."

"Vipande ni vyangu tangu siku ya kwanza. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. "Unataka nini, basi?"

Akaweka mkasi chini. "Ufunguo wa choo. Wangu mwenyewe."

Nikaenda kuvutana na msimamizi, ambaye aliona ufunguo wa pili ni kama mapinduzi. Mwishowe akaondoka na pazia la sebule yake, mimi na ufunguo. Bi Pindo akameza hadi kidonge cha mwisho, akanikabidhi karatasi tupu, nikazikagua moja moja kwa mwanga kama noti. Dawa za jino tulizipeleka duka la dawa wakaziteketeze. Nilipotaka kutupa karatasi, akaninyang'anya. "Zinang'aa hizi. Zitapata kazi."

Sasa mahesabu. Mwenye nyumba ya wageni hakungoja, nusu ya oda akampa mwingine, na hiyo ni hasara yangu. Wifi amepoteza wateja ambao yeye anaapa walikuwa wake. Bi Pindo ana figo zake mbili, chupa ya maji kando ya kopo, na ufunguo shingoni pamoja na utepe. Akiinuka, anauvua utepe na kuuacha juu ya gurudumu, na wifi anamwambia mteja, "Kaa, anakuja," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Jana nilipitisha kidole kwenye pindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakikuyumba. Akaniona nimetosheka, akapandisha bei papo hapo. Tukavutana weee. Nimekubali.