Kipaimara cha Kwenye Kinu

Kila mtoto aliyebatizwa katika kanisa letu hapa Kenya, mtaa wetu wa mjini, si ile nchi, tangu nilipokuja kuolewa, jina lake ninalo kichwani, la nyumbani na la ubatizo. Shule niliacha darasa la tatu, kusoma kwangu ni kwa kidole, basi kichwa ndicho daftari langu. Lakini hapa sitamtaja mtu. Mjukuu wangu amenikataza, na habari ni yake.

Kwetu Walutheri, Jumapili moja kabla ya kipaimara, vijana wanasimama mbele ya kanisa zima. Mchungaji anataja fungu la imani, halafu anauliza, "Maana yake nini?" Kijana anajibu kwa kichwa, bila karatasi. Mwaka juzi mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na minne, aliulizwa akafunga mdomo kama sufuria yenye kifuniko. Jumapili iliyofuata wenzake wakaenda kwenye Meza ya Bwana, na mimi nikaenda, yeye akabaki kwenye benchi akinishikia mkoba. Na kuna kijana aliyemchukua video siku ile ya maswali. Ikazunguka kwenye simu za vijana wote.

Mwaka uliofuata, mafundisho yalipoanza, akaniambia mimi bibi yake, "Kambo, nitajaribu mara moja. Nikikosa tena, kwa ile kanisa sitaweka tena mguu."

"Na Jumapili utakuwa wapi?"

"Ku nyumba. Nitakupikia."

Mtoto huyo nilimpeleka kanisani mgongoni kabla hajaota jino. Sasa anipikie, mimi niende peke yangu? Kila akitoka shule nikawa namkalisha sebuleni, kitabu magotini, mimi mbele yake kama polisi. Anasoma vizuri. Nikifunga kitabu, kifuniko kinarudi.

Jirani yangu, mama Mwislamu ambaye watu wake walitoka Maniema, alikuwa anatutazama kupitia mlango. Siku moja akashindwa kuvumilia, akaniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, huyu mutoto unamukalisha kama sanduku. Batoto bangu ku madrasa banasoma na mwili. Mabega inaenda, neno inaingia."

"Weye sasa njo utafundisha mutoto wa Kilutheri?"

"Mi nafundisha Yaya. Mutoto ni wako."

Nilinuna mpaka saa ya kutwanga sombe. Nikampa mjukuu mchi, yale majani ya muhogo yakiwa ndani ya kinu, nikauliza maana yake nini. Akapiga, mchi ukalia "tu". Akapiga tena, tu. Neno likatoka. Mchi ukishuka, neno, ukipanda, pumzi. Fungu zima la uumbaji likatoka mpaka amina, na sombe ikawa laini kama unga. Tuliangaliana. Nilicheka nikakaa chini, yeye akacheka akaangusha mchi, jirani upande wa pili wa ukuta akapiga vigelegele bila kuuliza kuna nini.

Sombe tuliila miezi. Mwanangu, baba wa huyo mtoto, akauliza kama kwa Walutheri samaki wamekuwa dhambi. Ubatizo tuliumaliza kwa sombe, sala tukaimaliza kwa sombe. Jirani naye akawa analeta majani yake tumtwangie. "Malipo ya mwalimu," anasema.

Kosa langu nililiona Jumapili yenyewe ya maswali, nimekaa benchi ya pili na kitenge kipya. Mtoto amesimama mbele, mikono mitupu, hakuna mchi. Mchungaji akataja fungu la uumbaji, akauliza, "Maana yake nini?"

Kifuniko kikarudi. Vijana wa nyuma wakaanza kutoa simu.

Mguu wangu haukuniomba ruhusa. Kisigino cha kiatu kikapiga sementi, tu. Kikapiga tena, tu. Mtoto akainua macho, mikono ikashika mchi ambao haupo, mabega yakashuka, neno likatoka.

Mzee wa kanisa aliyekaa mbele yangu akageuka. "Mama, humu haiko jikoni."

"Najua, Baba. Jikoni sijakuonaka."

Wamama wa nyuma wakasikia, wakacheka, na miguu yao ikanifuata. Benchi tatu, tu, tu, tu. Mtoto akafika amina akashindwa kuacha, maana kinu hakisimami sombe ikiwa nusu. Akajibu swali la kijana aliyemfuata, akajibu la yule mwingine. Kijana wa tatu akamwambia, "Yaya, uniachie hata moja." Mchungaji alikuwa amefunika uso kwa kitabu, kanzu yake inatikisika.

Alipojifuta macho akainua mkono, na miguu yote ikanyamaza.

"Sasa bila kinu," akamwambia. "Weye mwenyewe unaamini nini?"

Swali hilo hatukulitwanga. Kiatu changu kilikuwa hewani, nikakishusha polepole nisisikike. Mikono ya mtoto ikashuka pia. Akafikiri.

"Naamini Mungu aliniumba," akasema. "Na mwaka jana, vile nilinyamaza, alikuwa tayari ameniumba."

Mchungaji akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na Kambo aache ile kiatu," mtoto akaongeza. "Banatuchukua video."

Jumapili iliyofuata, saa ya Meza ya Bwana, tulisimama pamoja, yeye na gauni jeupe, mimi na kiatu kilekile. Ndipo nikakumbuka kwamba benchi imebaki tupu, hakuna wa kunishikia mkoba. Yule mzee wa kanisa alikuwa ametangulia, anarudi kukaa. Nikampa yeye mkoba. Akaupokea, akaukumbatia kifuani kwa mikono miwili, akatungoja.