Spika za Kumsikilizia Ndugu Yangu

Mama yangu alikuwa akichagua ndengu barazani, redio ikiwa dirishani, wakati kituo kimoja cha Kikamba kilipopiga wimbo wa bendi ya marehemu ndugu yangu. Mama aliokoka zamani, na nyimbo za baa si zake. Siku zote wimbo wa aina hiyo ukianza hunyoosha mkono akahamisha stesheni bila hata kuangalia. Siku hiyo mkono ulibaki kwenye ungo.

"Hii si ile ya akina ndugu yako?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Na yeye ni yupi hapo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia hapa Zombe, niingie katika mambo ya spika hadi mke wangu akatishia kurudi kwao. Ndugu yangu hakuwa mwimbaji. Alipiga gitaa la pili, lile linalojaza nyuma wakati gitaa la solo linajishaua mbele, na kwa miaka mingi alilipiga katika baa za Salama, pale barabara kuu, ambako madereva wa malori walimjua kuliko sisi. Mama hakumkataza, lakini pia hakuwahi kwenda kumsikia. Akija nyumbani, ndugu yangu aliliacha gitaa kwa jirani kwanza, ndipo akaingia kumsalimu mama. Halafu akafa angali kijana, na hakuna aliyejua kwamba mama alibaki na swali.

Nilijaribu kumwonyesha. "Huyo, mama. Sikiliza, hapo nyuma." Lakini redio yetu ilikuwa imevipika vyote katika sufuria moja, besi, ngoma, magitaa na waimbaji.

"Nasikia kelele," mama akasema. "Yeye simsikii." Akarudi kwenye ndengu zake.

Niliumia. Mama ni mzee. Masikio yake bado ni mazuri, lakini hayatangoja, na niliona wazi kwamba nisipofanya kitu atazikwa bila kumsikia mwanawe hata mara moja.

Huku kwetu spika hununuliwa kwa kishindo. Muuzaji huitoa nje ya duka, akaielekeza barabarani, akafungulia sauti mpaka mwenye duka la ng'ambo afunge dirisha, na hapo mnunuzi hutikisa kichwa ameridhika. Nami nilitikisa changu. Nilirudi nyumbani na masanduku mawili yaliyonifika kifuani, nikiwa na furaha ya mtu aliyenunua fahali.

Sebule yetu ni ya matofali, sakafu ya saruji, na juu ni mabati matupu bila dari. Nilipowasha, misumari ya paa ikaanza kuimba, vikombe vikatembea kabatini, na kuku aliyekuwa akiatamia chini ya meza akatoka mbio akaacha mayai. Mama alikaa kwa heshima hadi wimbo ukaisha.

"Nimesikia mabati," akasema.

Kishindo hicho kilifika hadi kwa mwenyekiti wa kanisa letu, naye hakukawia kuja. "Mwalimu, Bwana amekubariki na vyombo. Na sisi tuko na mkutano wa injili hapa sokoni." Ukinunua spika kubwa huku umenunulia kijiji kizima, harusi zitazijia, matanga yatazijia, na ukikataa utasemwa mpaka uhame. Nilizibeba mwenyewe hadi kwenye mkokoteni. Sijawahi kuziulizia tena, na nikizisikia zikinguruma kule kanisani hufurahi kwamba ziko huko.

Safari ya pili nilienda Kitui mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka la sukari na mafuta taa. Yeye analiendesha duka hilohilo, ila anauza vyombo vya muziki vilivyotumika ng'ambo.

"Karibu, mwalimu. Kwanza nieleze chumba chako," akasema. "Dari ni ya nini?"

"Hakuna dari. Ni mabati."

"Zulia?"

"Hakuna."

"Innalillahi," akasema, kana kwamba nimemletea habari ya msiba.

Akauliza nani atasikiliza, na anataka kusikia nini. Nikamweleza yote, mama, redio na Salama. Akaacha mzaha. "Basi wewe besi si rafiki yako. Itamfukia kijana wa watu."

Nyuma ya duka alikuwa na chumba kilichotandikwa mikeka hadi ukutani. Nilikuwa na wimbo ule kwenye flashi, nakala safi niliyopewa na mpiga ngoma wa ile bendi, ambaye bado yu hai. Spika za kwanza zilipendeza macho, mbao inang'aa, lakini waimbaji walitoka kama wana mafua. Mzee alizisifu hata hivyo, maana ni mfanyabiashara. Za pili zilikuwa visanduku vilivyokwaruzwa, kimo cha debe la maji. Akaviweka mbali na ukuta, kimoja huku, kingine kule, akanikalisha katikati.

Mwimbaji alisimama mbele yangu. Solo ilikuwa kushoto. Na kulia, peke yake, bila kusukumwa na mtu, alikuwa ndugu yangu. Nilisikia hata kidole kikiteleza kwenye waya. Nililia mle dukani, mtu mzima na koti langu, na mzee akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Nilizinunua, lakini nyumbani hazikusikika vile. Saruji na mabati vilirudisha kila sauti na nyongeza juu. Nikatandika mkeka, nikatundika mapazia mazito, na kwenye pembe za chumba nikasimamisha magunia ya ndengu tulizovuna, kwa sababu nilisoma kwenye simu kwamba besi huvimbia pembeni na hupunguzwa na kitu kizito. Ilisaidia kweli. Nikapima kwa kamba kutoka ukutani hadi kwenye spika, na kutoka kwenye spika hadi kwenye kiti, nikachora alama za chaki sakafuni, na aliyezikanyaga alinijua.

Kisha ndengu zikapanda bei, na mke wangu akamleta mnunuzi hadi sebuleni.

"Hizo haziuzwi!" nikapaaza sauti. "Hizo ni za sauti!"

"Asi! Sauti gani?" akasema. "Sauti ya hii nyumba ni wewe."

Tukabishana mbele ya mgeni bila haya. Mwishowe akakubali kuniachia magunia ya pembeni mpaka mama asikie, halafu yauzwe siku hiyohiyo.

Nikapanga iwe Jumamosi. Asubuhi nilitoka kwenda sokoni kutafuta maziwa ya chai, na niliporudi nikakuta mama amezivisha spika. Kwa majuma nilimwona akifuma uzi mweupe, nikadhani ni kazi ya kina mama wa kanisa. Kumbe vilikuwa vitambaa vya spika zangu, vizito, vyenye ua jekundu katikati, vimeshuka kuanzia juu hadi miguuni mbele na ubavuni, na juu ya kila kimoja ameweka chombo cha maua ya plastiki. Kwetu kitu kinachoheshimiwa hakikai uchi. Makochi yana vitambaa, televisheni ina chake, hata thamosi ina chake. Mama aliona navienzi visanduku vile, naye akavienzi kwa namna anayoijua.

"Umeona?" akauliza, ametabasamu.

Mke wangu alinikazia macho nisithubutu. Nikasema vimependeza, na kweli vilikuwa vimependeza. Mama akaketi kwenye kiti cha katikati na kitambaa chake cha kanisa kichwani, nami nikawasha.

Gitaa la pili lilikuwa limekufa tena. Kitambaa hushika kwanza zile sauti nyembamba, na sauti ya ndugu yangu pale ni nyembamba. Mama aliinamia mbele, akageuza sikio moja, akageuza la pili. Wimbo ukaisha.

"Simsikii," akasema. Akatazama mikono yake. "Labda ni masikio yangu. Wacha tu. Mmesumbuka sana."

Hapo hasira ilinipanda, na sikuweza tena kutafuta maneno ya adabu. "Si masikio, mwaitu, mama! Ni vitambaa. Umemfunika."

Mke wangu akaziba mdomo. Nami nilijuta hata kabla sijamaliza. Mama akainuka. Akashusha vyombo vya maua akaviweka chini, akavua kitambaa cha kwanza, akavua cha pili, akavikunja vizuri na kuviweka begani.

"Washa," akasema.

Nikawasha, huku nikimweleza haraka haraka kama niko darasani kwamba mwimbaji yuko katikati, solo iko kushoto, na yeye yuko kulia. Ubeti wa kwanza ukapita. Kisha mama akainua kidole.

"Huyu?"

"Huyo."

"Huyu anayejibu kidogo kidogo hivi?"

"Ndiye, mama."

Alisikiliza kidogo zaidi. Halafu akaacha kiti nilichokipimia kwa kamba, akachukua kigoda cha jikoni, akakanyaga chaki zangu zote, akaketi mbele ya spika ya kulia, karibu hata goti lake likagusa mbao. Ile ya kushoto aliipa mgongo. Nami, kwa vile sijui kunyamaza, nikamwambia arudi.

"Mama, kaa katikati. Hapo utasikia mmoja tu. Hao wengine wote watakupotea."

"Hao wengine wako na mama zao," akasema.