Dijei Dismas Apeleka Watu Mars

Dismas hajui Kiingereza, na huo ndio mtaji wake. Kila alasiri alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini, ndani ya vidio ya Kagwe, kibanda cha kuonyeshea muvi pale Makongeni, Thika, anashika maiki iliyozungushiwa selotepu, kisha anawaeleza watu kile Wazungu wanachosema kwenye muvi. Wazungu wanasema yao, Dismas anasema yake. Kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyewahi kulalamika, maana maneno ya Dismas ndiyo matamu.

Kazi hii aliipatia kwenye mawe. Alitoka Webuye akiwa kijana, akaja kuvunja kokoto kwenye machimbo ya Ruiru. Jumapili alikuwa akiingia vidio, na Jumatatu, nyundo mkononi, anawasimulia wenzake aliyoyaona. Alikuwa akisimulia mpaka nyundo zinanyamaza moja moja. Siku moja muvi ya ninja ilisimamisha machimbo mazima kuanzia saa nne hadi saa saba, na msimamizi akamfukuza. Kagwe alikuwa pale, amekuja kuchukua mawe ya kujengea. Alisikia mwisho wa ile muvi akiwa ameegemea lori, akaondoka na mawe pungufu bila kugundua. Kesho yake alirudi, si kwa mawe.

"Kijana," alimwambia, "huo mdomo unaharibikia hapa kwa vumbi."

Dismas ana sheria zake. Staringi hupewa jina la mtu wa mtaa anayependwa. Adui hupewa jina la yeyote aliyemuudhi wiki hiyo. Na staringi hafi. Kuna muvi moja staringi alizikwa mchana kweupe, na jeneza, na wimbo, na mjane ndani ya miwani nyeusi. Dismas akasema waliomzika ni pacha wake, mwenyewe yuko Kisumu anakula samaki. Watu wakatoka wameridhika.

Shida ilikuja na simu. Mtu analipa mlangoni ili atazame skrini kubwa, akishakaa tu anatoa ile ndogo na kuinama. Anatazama paka akianguka kwenye ndoo. Anatazama mtu asiyemjua akipika ugali. Juu pale helikopta inalipuka, Dismas ametoa mlio wa kulipuka kwa koo lake mwenyewe, na hakuna kichwa kinachoinuka. Nelima, mkewe, alimwambia ni sawa na kuhubiri kwenye kanisa la kuku: wote wako, na wote wanadonoa.

Alhamisi moja Kagwe akamwita.

"Dismas, kaa."

"Nimekaa, Baba Lynn."

"Hii mambo ya muvi imeisha. Watu hawana masaa mawili siku hizi. Nataka niweke mpira pekee yake. Na mpira hauna haja ya dijei, uko na kelele yake."

Dismas akaitazama maiki. Alishaijua kuliko alivyoijua nyundo.

"Nitakupea Jumamosi moja," Kagwe akasema. "Wakikaa mpaka muvi iishe, maiki ni yako. Wakitoka katikati, naifungia kwa kabati. Na muvi ni mimi nitachagua, usiniletee zile zako za zamani."

Kagwe alichagua kwa kutazama picha. Binti yake Lynn, anayesoma chuo kikuu kule Juja, alikuwa amemletea flashi iliyojaa muvi. Moja ilikuwa na picha ya mtu aliyevaa suti nyeupe ya angani, ameshika bunduki kubwa kama mgomba. Kagwe akaridhika. Bunduki ya ukubwa huo haiwezi kukosa kazi.

Jumamosi vidio ilijaa. Mwas, mwendesha boda mwenye mdomo kuliko injini yake, alikaa mstari wa mbele. Mzee Bedan, fundi cherehani mstaafu ambaye vijana wote humwita Guka, yaani babu, alikaa nyuma ukutani kama kawaida. Kagwe alisimama mlangoni na funguo mkononi. Lynn alikuwa kwenye kiti kando ya Dismas, na simu yake imeinuliwa.

Muvi ikaanza. Dismas alijua ameangamia mara tu alipoiona ile bunduki ikisonga. Alikuwa ameishi miaka na vitu kama hivyo. Haikuwa bunduki, ilikuwa mashine ya kutoboa mawe.

"Huyu hapa," akaanza, "ni Komando Mwas, kiboko ya anga za juu."

Mwas akashangiliwa. Kisha Komando Mwas akala kitu kutoka kwa chupa kama ya dawa ya meno. Akabonyeza kitufe. Akatazama nje ya dirisha kwa dakika tatu. Hakukuwa na ngumi wala adui, hata mlango wa kupiga teke haukuwako. Dismas alijaribu kumpa Mzungu huyo mawazo ya kulipiza kisasi, lakini uso ulikataa kushirikiana. Taratibu vichwa vikaanza kuinama, na videvu vikawaka rangi ya bluu kimoja baada ya kingine.

"Dismas," Mwas akauliza, "hii muvi imehang ama?"

"Haijahang. Wako safarini."

"Safari gani nyota hazisongi, buda?"

Ilikuwa kweli. Nyota zilikuwa zimetulia kama rangi ya ukutani. Watu wawili wakainuka mstari wa nyuma. Kule mlangoni funguo zikalia. Jasho likamtiririka Dismas mpaka ndani ya selotepu.

"Hazisongi kwa sababu chombo kimekwama," akasema. "Na mbona kimekwama? Angalieni mbele. Kuna ubao."

Hakukuwa na ubao wowote. Watu wakautafuta.

"Umeandikwa: Mradi wa Barabara ya Mars. Utakamilika baada ya miezi kumi na minane. Chini yake nyasi imemea."

"Nyasi angani?"

"Mradi ukikaa sana, nyasi inamea popote."

Kicheko kikatoka pembeni, kikaenda mpaka nyuma. Wale wawili wakabaki wamesimama, lakini wamegeuka upande wa skrini. Ndipo Mzee Bedan alipokohoa. Yeye haongei kwenye muvi, kwa hivyo watu walinyamaza.

"Mimi nilikuwa darasa la tatu hawa watu wakikanyaga mwezi," akasema. "Sitini na tisa. Tulikuwa tunasomea kwa shamba ya kahawa, mwalimu akatuletea redio. Akatuambia tukiwa watu wazima, huko juu watakuwa wanakata ploti."

"Ndiyo maana Guka hukununua ploti Ngoingwa ikiwa bei ya mboga," Mwas akasema. "Ulikuwa unangojea mwezi."

"Nyamaza, wewe. Mimi nauliza. Walienda, wakarudi na mawe, halafu? Nimezeeka nikingoja. Walipotelea wapi?"

Lynn akainama kumjibu kwa adabu. "Guka, wa mwisho kukanyaga huko alirudi mwaka wa sabini na mbili. Tangu hapo ni tarehe tu zinasongezwa."

"Kama lami ya huku kwetu," mtu akasema.

Sasa swali lilikuwa la Dismas. Vidio nzima ilimtazama yeye badala ya skrini. Na kwenye skrini Komando Mwas alikuwa amewasha televisheni ndogo ya chombo chake. Mwanamke na mtoto wakatokea, wakampungia mkono, na yeye akaanza kulia. Kila mwenye macho aliona ni familia yake imemtumia salamu. Dismas pia aliona. Lakini nyuma ya bega la yule mtu, dirishani, mpira mwekundu ulikuwa ukipita polepole na kuwa mdogo.

"Guka, nimepata jibu lako," akasema. "Huyu ametoka nyumbani kwenda Mars. Lakini amebeba siriz ya kutazama njiani. Sasa yuko siziyoni ya tisa, na huyo mama anataka kumwambia nani baba ya mtoto. Angalieni dirishani. Ile nyekundu ndiyo Mars. Inapita."

"Ashuke," watu wakapaza sauti. "Mwambie ashuke hapo."

"Nimemwambia. Anasema, ngoja nimalize hii episodi."

Vidio ikaanguka kwa kicheko. Mwas alijipiga paja kwa simu yake mwenyewe, kisha akaitazama ile simu, akaizima na kuitia mfukoni polepole, kama mtu aliyekamatwa na chapati mdomoni kabla ya maombi. Wengine wakafuata. Nyuma pale Mzee Bedan alikuwa akitikisa kichwa.

"Kumbe," akasema. "Kumbe walikuwa wanatazama vidio."

Hapo ndipo stima ikapotea.

Skrini ikazima, spika zikazima, feni ikageuka mara mbili ikaacha. Kwa kuwa madirisha yamezibwa kwa magunia, giza likawa giza kweli, ingawa nje ilikuwa saa tisa na jua kali. Kagwe akafungua mlango nusu, kwa matumaini. Viti vikaanza kukwaruza sakafu.

"Mnaenda wapi?" Dismas akasema bila maiki, kwa ile sauti ya machimboni. "Mtatokaje na tuko katikati ya anga? Baba Lynn, funga mlango, hewa inatoroka."

Kagwe akajikuta ameufunga.

"Sasa tazameni juu."

Mabati ya vidio ile yana matundu ya misumari ambayo wateja wamekuwa wakiyalalamikia kila msimu wa mvua. Gizani kila tundu lilikuwa linawaka. Dismas akawaonyesha la katikati, kubwa kuliko mengine, akasema ndilo Mars, na kwamba mwenye chombo amepiga yu-tani kuirudia. Akampitisha Komando Mwas kwenye kizuizi cha polisi wa anga, waliotaka kuona kizima moto. Akammalizia mafuta. Akamfanya asukume. Watu walisukuma naye, wengine kwa miguu yao sakafuni.

Lynn alimnong'oneza sikioni. "Nimeshaiona hii. Huyu mtu anakufa mwisho."

"Huko kwenu Juja," Dismas akanong'ona pia. "Hapa hafi."

Akamtua. Alichukua muda kumtua, na hakuna aliyekohoa. Komando Mwas akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja kwenye vumbi jekundu kama la Gatundu. Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna mtu amewahi kufika. Mbele yake kuna ukuta mpya wa mawe, na kwenye ukuta kuna maandishi ya rangi nyekundu.

"Imeandikwaje?" Mwas akauliza kwa sauti ndogo.

"Ploti hii haiuzwi."

"Nilijua," Mzee Bedan akasema gizani.

Stima iliporudi, hakuna aliyetaka muvi iwashwe tena. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoka. Kagwe alivihesabu vichwa mara mbili, akamwambia Dismas, "Maiki ni yako. Mimi ni mtu wa maneno yangu."

Na alikuwa mtu wa maneno yake. Tatizo ni kwamba Lynn alikuwa amerekodi. Alikata kipande cha dakika moja, kile cha episodi, akakiweka mtandaoni akiwa kwenye kitanda chake cha hosteli. Kufikia Jumatatu kilikuwa kimetazamwa na watu wengi kuliko wanaoishi Thika na Ruiru kwa pamoja. Kagwe alikuja kazini akitabasamu, jambo ambalo Dismas hakulipenda.

"Umeona?" Kagwe akasema. "Masaa mawili ya nini? Wanataka dakika moja tu. Maiki unayo, vile nilisema. Nimekutengenezea ofisi."

Ofisi ilikuwa stoo ya nyuma, katikati ya kreti za soda, na taa moja ya duara kama ile nuru ya kichwani mwa malaika wa kalenda. Vidio yenyewe ikawa ya mpira. Kila alasiri Lynn akija kutoka Juja anasimamisha simu, anainua kidole, na Dismas anaanza.

Dismas hajawahi kujua kusimulia kwa dakika moja. Mtu haendi Mars hivi hivi. Lazima aamke, anywe chai, amuage mkewe, na mkewe lazima akatae kidogo. Lazima ampitie rafiki yake Ngoingwa, na rafiki huyo awe bado anaoga. Siku ya kwanza dakika iliisha staringi akiwa anafunga kamba za viatu. Siku ya pili iliisha wakitafuta ufunguo wa chombo. Mtandaoni watu walicheka, wakaandika maneno yao, wakapita kwenda kwa paka wa ndoo. Mwas aliandika, "Safari imesongezwa tena," na maneno hayo yakapendwa kuliko kipande chenyewe.

Wiki ya tatu Dismas aliruka chai, akaruka mke, akamwacha rafiki bafuni. Staringi alikuwa ameshakaa, mkanda umefungwa, moto umewaka chini. Akavuta pumzi.

"Kumi," akasema. "Tisa. Nane."

Lynn akashusha kidole. "Imetosha, Dismas. Dakika imeisha." Akachomoa simu, akaitia kwenye begi, akamwambia amefanya vizuri sana, akakimbilia gari la Juja.

Dismas akabaki chini ya taa. Upande wa pili wa ukuta mtu alikosa goli na watu wakaomboleza. Mlango ukasukumwa, na Mzee Bedan akaingia, kofia mkononi, akiangalia kreti kama anayetafuta kiti kanisani.

"Nimeambiwa siku hizi mnasafiria huku," akasema.

"Tumeshafunga, Guka. Simu imeenda."

"Mimi sina simu." Mzee akavuta kreti, akaipangusa kwa kofia, akaketi akitazama mbele. "Nimekusikia nikiwa hapo nje. Mlikuwa mmefika nane."