Ubao wa Kisomo wa Bibi Skola

Kuna siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unataka kuanza kukusanya vitu vya zamani, heri nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Sumbawanga, yaliyokaa matupu muda mrefu, yalijaa sabuni, redio na vyombo vya plastiki, na watu wakawa wanatupa vya zamani kana kwamba vinawaaibisha. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba mtaa wa Izia. Nilianza na beji na kadi za duka la ushirika, ambazo watu walinipa huku wakicheka. Baadaye nikataka kitu ambacho mwingine hana. Tamaa hiyo nawe itakujia.

Likizo moja nilikwenda kijijini Mwazye kumsalimia shangazi. Jirani yake, Bibi Skola, mjane aliyelima ulezi, alikuwa ametundika ubao mdogo mweusi juu ukutani, mahali watoto wasipofika. Ulitoka kwenye kisomo cha watu wazima, wakati wa vijiji vya ujamaa. Nilimwamkia, nikamwomba. Aliutazama pale juu, kisha akasema ataniazima tu, niwaonyeshe wanafunzi wangu. Akaufunga polepole kwenye kanga. Alianza kuniambia jambo, nikamkatiza. Gari lilikuwa karibu kuondoka.

Nyumbani niliuona umejaa vumbi na mikwaruzo ya chaki. Nikaufuta kwa kitambaa cha maji, nikaupaka mafuta mpaka ukang'aa. Nilijisifu, nisikufiche.

Wiki chache baadaye Bibi Skola alikuja mjini kwa shughuli zake, akapita kwangu. Aliutazama ubao, akaugeuza, akautazama tena.

"Jina langu liko wapi?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba nimeufuta kwa sababu ulikuwa mchafu. Ndipo akanieleza, kwa sauti yake ileile ya kawaida, kwamba mumewe alijifunza kuandika uzeeni, na neno la kwanza aliloliandika bila kushikwa mkono lilikuwa jina la mkewe. Mwezi uliofuata alifariki. Hakuacha maandishi mengine, wala picha.

Nikataka kupiga magoti, akanizuia.

"Usinililie, mwalimu. Ulitaka ubao, ukaupata. Hukutaka kujua ni wa nani."

Akauchukua, akaenda zake.

Likizo iliyofuata nilirudi Mwazye na daftari. Alikubali kunisimulia, hata namna mumewe alivyoigeuza ile herufi S, na mimi nikaandika kila neno. Ubao sikuuomba tena.

Basi, mwanangu, nunua daftari kabla hujatafuta kabati. Ukipewa kitu, uliza kilikuwa cha nani na kwa nini hakikutupwa, halafu unyamaze usikilize, hata gari likikuacha. Usikioshe wala kukipaka rangi kabla hujajua uchafu ule ni wa nini. Na ukimwona mtu anasitasita kukitoa, mwachie, uondoke na maelezo yake tu. Vitu vyangu ni vichache kuliko vya wenzangu, lakini hakuna hata kimoja nisichoweza kukutajia kilikuwa cha nani.

Mungu akupe subira, na wazee utakaowaendea uwakute wangali na nguvu ya kusimulia.