Bi Usafi na Chupa ya Bakteria

Alisafisha wodi za hospitali mpaka akastaafu, na jina la Bi Usafi alilipata huko huko. Mgonjwa akikohoa tu, kitambaa cha Bi Usafi chenye dawa kimeshafika mezani.

Baada ya kustaafu alilima nyanya nyuma ya nyumba, na ugonjwa wa mnyauko ukamtoa jasho. Mche asubuhi mzima, jioni umelala kama uliomwagiwa maji ya moto. Ila kando ya banda la kuku, nyanya zilisimama na kuzaa kana kwamba hazina habari.

Binti wa kaka yake, mtafiti wa maabara, alichota udongo wa pale. Msimu uliofuata alirudi na chupa ya maji meupe kama tui.

"Shangazi, tumewapata wanaozilinda nyanya zako. Ni bakteria."

Bi Usafi akaweka kikombe chini. "Si ndio hao nimewaua maisha yangu yote?"

"Hawa ni wengine. Tumesoma jeni zao, yale maagizo wanayorithi. Wanajua kutengeneza sumu ya kuzuia ukungu unaoleta mnyauko."

"Sumu? Nami nile?"

"Ni ya ukungu, si ya mtu. Na umekula nyanya hizo siku zote."

Bi Usafi akaitazama mikono yake, akachoka ghafla. "Kwa hiyo kule hospitalini nilikuwa nakosea?"

"Hapana, shangazi. Kule ulifanya sawasawa."

"Na hapa?"

"Hapa usimwage dawa."

Hakuelewa, lakini mtoto wa kaka hasemi uongo. Akaumwagilia upande uliougua maji ya chupa ile, uso ameugeuza pembeni kama anayemwaga maji machafu. Miche mingine ikasimama, mingine ikafa vilevile. Alipouliza sababu, mtafiti alijikuna kichwa.

"Jeni zinatuonyesha wanachoweza kufanya, shangazi. Kama watafanya, hatujui. Labda udongo wa huku haujawapendeza."

"Basi hata nyie mmechanganyikiwa."

"Kidogo."

Hilo lilimtuliza kuliko maelezo yote.

Siku ya kuvuna alisimama bombani na beseni la nyanya, asijue aoshe au aache. Akaosha nusu kwa sabuni, nusu akaziacha na vumbi lake. Wifi yake, aliyekuja kusaidia mavuno, akatokea jikoni, akazimimina zote kwenye sufuria moja.

"Ulizozitenga zilikuwa na nini?" wifi akauliza.

"Hata sijui," alisema Bi Usafi, akachukua mwiko akakoroga.