Vidonge vya Pindoni

Siku ile chumbani kwangu Keko tulikuwa watu watano, na wote nawataja msije mkasema bibi anatunga. Mimi mwenyewe, bibi harusi wa juzi, nimejikunja kitandani. Mume wangu Hamisi, fundi seremala, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Shangazi yake, Bi Somoe, aliyetupokea tulipotoka Lindi. Jirani wa ukuta mmoja, Mama Upendo wa Masasi. Na Bi Zuwena, mke wa Mwarabu wa dukani, ambaye mtu akiugua mtaa ule yeye ndiye wa kwanza kufika.

Tumbo lilikuwa linaniuma, mwanangu, hapa chini ya chembe cha moyo, linaungua utadhani nimemeza kaa. Sasa mila yetu mnaijua: mgonjwa haendewi mikono mitupu. Wengine hupeleka uji, wengine ndizi. Mie, ukimtoa Bi Somoe, kila mmoja alinijia na kidonge! Hamisi alinipa vyake vya mgongo, maana kutwa alikuwa anasukuma randa. Mama Upendo akaleta vya goti.

"Meza tu, shoga, mie vilinisimamisha siku hiyohiyo."

Bi Zuwena akaleta vya njano, vilivyobaki alipougua kaka yake. Nikamuuliza ni vya nini.

"Vya maumivu! Kwani wewe huumwi?"

Nami kwa ujinga wangu nikaona nikikataa cha huyu nimemdharau. Nikavimeza vya wote, tumbo tupu, asubuhi na jioni, vya akiba nikavifunga pindoni mwa khanga. Maumivu yakatulia kidogo, nikajisifu. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ya nne nikapata choo cheusi kama lami, nikaanguka palepale uani.

Hospitali daktari akaniuliza nimemeza dawa gani. "Sijameza kitu." Mara tatu kaniuliza, mara tatu nikakana. Nitawatajaje majirani, na Mama Upendo kanishika mkono? Bi Somoe ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alinifungua pindo, akavimwaga mezani.

"Mwongo huyu, daktari! Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kifo kimeshabisha hodi, bado anamwonea haya jirani!"

Daktari akavipekua kwa ncha ya kalamu. Vyeupe vyote vilikuwa aspirini, vya Hamisi na vya Mama Upendo, kitu kilekile nimekimeza mara mbili. "Hivi vinafaa goti na mgongo," akasema. "Tumbo lenye vidonda vinalikwangua mpaka linatoka damu." Vya njano hata yeye hakuvijua. Nikaongezwa damu, ya Hamisi, nikanyweshwa dawa nyeupe ya maji, nzito kama uji, wiki kwa wiki. Mama Upendo alilia kuliko mimi.

Nilidhani ujinga ule tuliuzika. Wapi! Juzi mjukuu wangu Rehema, msomi, kajikunja kwenye kochi, simu mkononi, anauliza kundi la wenzake ameze nini. Wa kwanza kajibu diklofenaki, ndugu yake aspirini, wa pili kasema vya hedhi, wa tatu kasema viwili viwili! Na msomi wangu kashavimeza.

"Bibi, usipige kelele, ni tumbo tu."

Tumbo tu! Tumbo ni gunia? Humo mna ini, mna nyongo, mna figo, mna kizazi, kila kimoja kina kilio chake na dawa yake. Nilimkokota mpaka kwa daktari, mimi mwenyewe nikamtajia vyote mtoto alivyomeza. Kaninunia mpaka leo. Na anune.

Mwanangu, maumivu ya ndani ni mjumbe. Usimzibe mdomo kabla hajasema katumwa na nani. Nenda upimwe, na ukiulizwa umemeza nini, taja vyote, hata mkweo awe amesimama hapo. Daktari akishajua chanzo akakupa dawa ya kutuliza, imeze kama alivyosema, usijitie ushujaa wa kuugua huku umeuma meno. Na ukienda kumjulia hali mgonjwa, peleka uji. Mungu akujaalie tumbo tulivu na ulimi usioficha.

Kama pana mahali nimepotoka, nisahihisheni. Mama Upendo yu hai, muulizeni. Majina ya watu nina hakika nayo. Ila vile vya njano, anayejua vilikuwa nini aniambie, maana nilimeza sita.