Ameacha kwa Hiari Yake

Kanda ilifika kwa posta mwishoni mwa miaka ya themanini, imefungwa kwa pamba ndani ya bahasha ya kahawia. Mama alinipokea nayo mlangoni kabla sijavua viatu. Nilikuwa nimetoka Gede, ambako nilifundisha darasa la sita, na chaki ilikuwa bado mikononi. Mama alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hazikumkaa, kwa hiyo kaka yangu alitutumia sauti yake badala ya kuandika. Zamani alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Watamu, mpaka mgeni mmoja alipompa kazi mkahawani kwake huko Ufaransa. Akaenda, baadaye akamchukua mkewe, na binti yao sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Tuliketi mkekani, redio kaseti katikati. Kwa kawaida kaka alianza kwa kusalimia mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, hadi mama anasinzia. Safari hii alimsalimia mama peke yake. Alisema walimu wamemwambia binti yake avue mtandio akitaka kuingia darasani, kwa sababu shule ni ya serikali na serikali ya kule haina dini. Mtoto amekataa. Sasa anawekwa maktaba peke yake, kutwa nzima, mpaka aamue. Kaka alikiri kwamba anaogopa. Askari wa kituo cha treni humsimamisha karibu kila juma kumuuliza karatasi zake za ukaazi, askari yule yule, anayemjua kwa sura, na karatasi zenyewe zimekaribia kufanywa upya. Hataki jina lake litajwe kwenye fujo. Mama aseme: mtoto avue, au amtoe shule amrudishe Malindi?

Kisha akaja mtoto mwenyewe. "Shikamoo, nyanya. Mimi sitaki kuvua. Na sitaki kuacha shule." Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kupinda, lakini maneno hayo aliyasema yamenyooka kabisa.

"Marahaba, mwanangu," mama akaiitikia redio, kwa kuwa hakuwahi kuacha salamu ipotee bure. Halafu akaniambia niweke kanda tupu.

Nikabonyeza. Mama akaivuta redio karibu na magoti, akasema kwa sauti yake ya kuagiza: "Mlete mjukuu wangu nyumbani. Hapa hakuna wa kumvua kitu. Atasoma chuo cha Kurani, atasoma na shule. Msijidhalilishe kwa watu." Akanipa ishara ya mkono kwamba amemaliza.

Hapa ni lazima niseme mimi ni mtu wa aina gani. Hasira zangu ziko karibu, na wanafunzi wangu watakuambia, lakini umri wangu wote sikuwahi kumwambia mama hapana usoni. Siku hiyo nilimwambia.

"Hapana, mama. Asirudi."

"Wataka avue?"

"Asivue. Na asirudi."

"Basi atakaa huko maktaba hadi lini?"

"Hadi wachoke wao."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha kuudhika. "Wewe nilikutoa, na hukufa. Nilikutoa na heshima yako."

Ni kweli alinitoa. Nikiwa na umri wa mtoto huyo nilipata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni upande wa Kilifi. Wiki ya pili mwalimu mkuu akasema ushungi si sare. Mama akaitwa, akaambiwa niuvue au anitoe. Alisikiliza akiwa amesimama, akasema kama ni hivyo basi, akajitwika sanduku langu la bati, tukakata uwanja katikati wasichana wote wakitutazama. Nilijivuna kumfuata. Kwa miaka mingi niliisimulia siku ile kama ushindi wetu. Nikasoma kwa posta, nikafanya mitihani pamoja na watu wazima, nikaomba kazi ya ualimu. Walipotaka barua ya shule niliyosoma, nilirudi pale, na karani akafungua daftari la zamani akanisomea mstari wangu. Jina, darasa, na mbele yake: ameacha kwa hiari yake.

Sikuwahi kumwambia mama. Nilimwambia siku hiyo, kwa sauti iliyomfanya jirani aliyekuwa akikuna nazi uani kwake aache kukuna.

"Hawakuandika wamenifukuza, mama. Ushungi hawakuutaja. Waliandika nimeacha mwenyewe. Sasa mwalimu ni mimi, daftari naliandika mimi, najua linavyokwenda. Asiyekuja huandikwa ameacha, na hakuna anayeuliza tena."

"Ni nani aliyeandika hayo?"

"Hata sahihi hapana."

"Mimi niliambiwa nikutoe!"

"Najua, mama."

Alikunjakunja pindo la leso. "Kumbe niliwafanyia kazi yao," alisema hatimaye.

Niliona aibu. Nilitaka kumwomba radhi kwa kupandisha sauti, lakini katika yale niliyoyasema sikutaka kurudisha hata neno moja. Mama mwenyewe ndiye aliyesogea, akainamia redio tena.

"Mjukuu wangu, nenda kila asubuhi. Uwahi. Wakikuweka maktaba, soma maktaba. Wakitaka uondoke, waandike wao kwamba wamekuondoa, na babako awaombe karatasi hiyo. Na wewe, mwanangu, mpeleke mtoto hadi mlangoni. Huyo askari si akujua? Akuone umemshika mwanao mkono."

Ndipo nilipoitazama redio nikaona kanda inazunguka. Ilikuwa ikizunguka tangu mwanzo. Kwa hasira nilisahau kuizima. Ugomvi wetu wote ulikuwa mle ndani. Nikasema nitafuta, turekodi upya, kwani haifai mtoto kumsikia shangazi yake akimjibu nyanya yake vile.

"Iwache," mama akasema. "Naasikie kwamba hata mimi hubishiwa."

Kesho yake niliipeleka posta kabla ya kwenda kazini.

Jibu lilichukua miezi miwili. Kaka alisema machache: anampeleka kila siku. Askari amewasimamisha wakiwa wameshikana mikono, ameonyeshwa karatasi, nao wakaendelea na njia yao. Kisha mtoto akaeleza kwamba amenunua daftari. Kila asubuhi huandika saa aliyofika, halafu humwomba mama anayesimamia maktaba atie sahihi. Mwanzo mama yule alikataa. Siku ya tano alitia.

"Bado niko maktaba," alisema, "lakini mwalimu wa hesabu ameanza kuniletea kazi. Sasa nawasomea." Tukasikia karatasi zikifunuliwa. "Jumatatu, saa mbili kasorobo, nipo. Jumanne, saa mbili kasorobo, nipo. Jumatano, mvua, saa mbili kamili, nipo." Alisoma majuma yote, bila kuruka siku.

Kanda ilipokwisha mama aliniambia niirudishe nyuma. Akazisikiliza siku zile kwa mara ya pili, macho yake yakiwa mlangoni, na hakuniangalia aliposema, "Pale Kilifi tuliondoka upesi, mwanangu."